Urefu wa Ganzi

Kwenye droo ya juu ya toroli zimelala chupa tatu,
fupi kuliko kidole cha mwisho cha mwanangu.
Zote maji. Zote hazina rangi.
Usiposoma karatasi utaapa ni ndugu wa tumbo moja.

Kloroprokaini ni mgeni wa mlangoni:
kiti hakijapata joto, ameshashika kofia.
Prilokaini hunywa chai, hula na kitumbua,
ndipo huuliza saa.
Bupivakaini huja na godoro lake.
Na hii nzito wameitia sukari ili izame;
tukiinamisha kitanda inafuata mteremko, inatii,
kama maji ya kudekia yajuavyo njia ya uani.

Lignokaini hatuiweki tena.
Iliwahi kuaga vizuri, kisha ikaacha moto
matakoni mwa watu siku mbili.

Huddersfield, Jumanne, mvua inakuja kwa ubavu.
Wa kwanza ni Bi Doreen Armitage, nyonga,
miaka themanini na moja. Arobaini kati ya hiyo
aliimaliza kiwandani, akisaka nyuzi zilizokatika
katika sufu ya suti za watu asiowajua,
akizirudisha kwa sindano, mmoja mmoja,
hadi jicho la bosi lisione pengo.

Anakaa ukingoni, amekumbatia mto.
Nimempaka dawa mgongoni mara mbili; pingili zinahesabika.
"Namba ngapi?" anauliza.
Ishirini na tano, anasema Daktari Farquhar.
"Yangu ilikuwa nyembamba zaidi."
Daktari anacheka, ila mkono wake haucheki.
Maji ya uti yanachungulia, tone moja, safi.
Nzito. Mililita mbili na nusu. Saa tatu kamili.

Nampulizia baridi kifundoni, gotini, pajani.
Unasikia? (Kwetu baridi husikika.)
Hasikii. Ananiuliza kwetu tunaiitaje hali hii.
Kufa ganzi, namwambia.
"Kufa?"
Ndiyo. Miguu hufa, halafu hurudi.
"Mwambie huyo ahakikishe inarudi yote miwili."

Mimi ganzi ya kwanza kuijua ilikuwa ya meno,
mbilimbi kwa chumvi, nyuma ya darasa.
Ya pili ilikuwa humuhumu, ghorofa ya juu,
usiku niliopasuliwa nizae: mikono ya watu tumboni
kama mtu anayesaka funguo mkobani mwangu.
Mguu wa kushoto ulirudi alfajiri.
Wa kulia nilikuwa nautazama kama mguu wa jirani.

Saa nne na nusu, Declan Haigh, goti, mchezaji wa raga.
Anataka iliyo bora. Wote wanataka iliyo bora.
Bora kwa nani, kijana? Kwa kibofu chako ni fupi.
Kwa Bwana Pickles, anayepasua huku akisimulia
likizo yake ya Wales tangu kituo cha treni, ni ndefu.
Ganzi fupi na mpasuaji mrefu wa maneno
ni deni, na mlipaji amelala mezani.
Leo Pickles hayupo. Tunafungua kloroprokaini.

Saa sita kasorobo Declan anatikisa unyayo.
Saa saba amekojoa, amekula mkate wa siagi,
anamuuliza mama yake kwenye simu ameegesha wapi.

Pazia la pili, Bi Doreen bado kiunoni ni maji.
Naweka mkono chini ya blanketi, naugusa mguu:
una joto, hauna mwenyewe.
Saa saba na robo kidole gumba kinainama.
Anakikazia macho kama uzi uliopotea.
Maumivu nayo yanaingia, hayakubisha hodi;
nampa vidonge, anavimeza bila kunitazama.
Kisha anataka kujua wamemfunga kwa mshono gani.
Pini, namwambia. Ishirini na sita, za chuma.

Anafumba macho muda mrefu.
"Pini," anasema. "Kwenye kitambaa kizuri hivi."